Shangazi Ana Dola na Medicare, Mbona Tulimchangia?

Mwanzoni mwa mwaka 2025 kuna skrinishoti ya grupu la WhatsApp ilizunguka sana mitandaoni, mpaka ukurasa mmoja wa udaku (siutaji, wenyewe wanajijua) ukaipandisha na maneno makubwa juu yake: MMAREKANI ANACHANGIWA NA WABONGO. Mliocheka mlicheka. Mmoja aliandika huyo mama ana simu ya milioni tatu halafu anapitisha bakuli la elfu kumi kumi. Mwingine akasema ndio maana yeye hawaamini watu wa diaspora, maisha yao ni ya kwenye picha tu.

Sasa yule mama ni shangazi yangu, dada wa baba, tumbo moja. Jina silisemi, na nyie mnaolijua msiliandike. Sikujibu kipindi kile kwa sababu tulikuwa na mgonjwa, na mtu mwenye mgonjwa hana muda wa kubishana na watu wa kwenye simu. Ila humu ndani najua wengi mna mama, mjomba au shangazi Houston, Minneapolis, Maryland, ambao wameshastaafu au wanakaribia, na ndoto yao ni ile ile: baridi ikianza huko wanakuja kukaa nyumbani, joto likirudi wanarudi. Nusu mwaka Bongo, nusu mwaka Marekani. Inasikika tamu. Kuna kitu kimoja tu hakizungumzwi mpaka mtu aanguke.

Kwanza nieleze Shangazi ni nani kwenye makaratasi, maana hapo ndipo mambo yanapoanzia. Ametoka Tanga miaka ya tisini, akafanya kazi miaka 26 kwenye nyumba ya kulea wazee Houston. Kugeuza wazee vitandani, kuosha, kulisha, zamu za usiku. Alichukua uraia wa Marekani, na kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha, wa kwetu ukaisha palepale. Kwa hiyo mtoto wa Tanga akija kwao anakuja na viza ya dola 100, na kila akiingia anagongewa siku 90. Ikikaribia kuisha huwa anavuka Horohoro, anakaa Mombasa kwa ndugu wa mama yake, anarudi. Ana miaka 71.

Huko Marekani ana Medicare, bima ya serikali ya watu wa miaka 65 na kuendelea, ipo toka mwaka 1965. Ukifanya kazi na kukatwa kodi yake kwa angalau miaka kumi, ile Part A, ya kulazwa hospitali, unaipata bila kulipa kila mwezi. Part B, ya madaktari, vipimo na mazoezi ya viungo, unailipia: mwaka 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa dola 185 kwa mwezi, inakatwa moja kwa moja kwenye pensheni ya Social Security kabla hujaiona. Part D ni ya dawa. Halafu kwa vile Part B inalipa asilimia 80 tu na kukuachia 20, wengi wananunua bima ya pembeni ya kuziba mapengo, inaitwa Medigap. Shangazi ana Plan G. Kwa hiyo kwa kuhesabu makadi, Shangazi ana bima kuliko ukoo mzima.

Na hakuna hata moja iliyofanya kazi usiku ule.

Jumapili tarehe 19 Januari, saa tatu usiku, ameteleza kwenye vigae vya bafu, Mbezi. Nyonga imevunjika. Aliyewahi kumbeba mtu aliyevunjika nyonga anajua sauti anayotoa, sitaielezea. Tumefika hospitali moja ya binafsi, wamempiga picha, daktari akasema inatakiwa kufanyiwa upasuaji haraka, ndani ya siku moja au mbili, mtu mzima akilala sana na nyonga iliyovunjika anapata matatizo mengine ya mapafu na damu kuganda. Kumsafirisha alivyo, siti ya ndege ya kawaida, hakuna. Tukaambiwa tupite dirishani. Nikatoa ile kadi ya Medicare yenye mistari myekundu na ya bluu, na kadi ya Plan G. Dada wa dirishani alizigeuza mbele na nyuma kama mtu anayeangalia kadi ya harusi ya watu asiowajua, akanirudishia. "Hizi hatuzitumii, dada. Milioni nane ya kuanzia."

Simlaumu. Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani. Nje maana yake nje ya majimbo yote 50, Washington, na visiwa vyao kama Puerto Rico na Guam. Yapo mazingira matatu tu inalipa hospitali ya nchi nyingine, na yote ni ya mipakani: umepata dharura ukiwa Marekani lakini hospitali ya jirani ndiyo ipo karibu zaidi, au unaishi Marekani na hospitali ya nchi ya jirani ndiyo iliyo karibu na nyumba yako, au unasafiri njia ya moja kwa moja kupitia Canada kati ya Alaska na jimbo jingine. Sijui kuna Mtanzania gani anapita Canada kwenda Alaska akavunjika nyonga, ila akiwepo, huyo kalindwa.

Watu wakasema, si ana Medigap? Ndiyo, na hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Baadhi ya hizi Medigap, Plan G ikiwemo, zina kipengele cha dharura nje ya nchi. Unalipa mwenyewe dola 250 za kwanza kwa mwaka, kisha wao wanalipa asilimia 80 ya gharama za dharura, mpaka kikomo cha dola 50,000 kwa maisha yako yote. Sio kwa safari, sio kwa mwaka. Kwa maisha. Na dharura lazima ianze ndani ya siku 60 za kwanza za safari.

Shangazi alitoka Houston tarehe 10 Novemba. Hesabuni wenyewe. Ile Jumapili ilikuwa siku ya 71.

Binamu yangu, mtoto wake aliyeko Houston, alipiga simu kwa kampuni ya ile bima, akajibiwa kwa adabu sana kwamba wanasikitika. Aliuliza, je, akivuka mpaka kwenda Kenya na kurudi, siku hazianzi upya? Hazianzi. Safari inahesabiwa toka ulipoondoka Marekani, hata ukizunguka Afrika Mashariki yote. Mimi naona ni dhuluma. Mtu amelipa mwaka mzima, halafu siku kumi na moja zinamtoa nje. Shangazi mwenyewe, akiwa kitandani, dripu mkononi, ndiye aliyewatetea: "Mwanangu, iliandikwa. Mimi nilisoma nikaona sitaumwa."

Sasa mnaouliza mbona mtoto wake asitume dola. Alitaka kutuma, tena alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Lakini Jumatatu iliyofuata, tarehe 20, ilikuwa sikukuu ya Martin Luther King, benki za Marekani zimefungwa. Uhamisho mkubwa wa benki kwa benki haukuwa unatembea mpaka Jumanne, na ile programu ya simu aliyozoea kututumia ilikuwa na kikomo cha siku, akakifikia kwa dola mia kadhaa. Nyonga haijui sikukuu. Ndio tukafungua grupu usiku ule ule, tukaomba elfu kumi, elfu ishirini, mwenye laki alitoa laki. Mpaka saa nane usiku tulikuwa na milioni tano na ushee kwenye simu tatu tofauti, zilizobaki kaka yangu alikopa kwa bosi wake. Asubuhi akaingia chumba cha upasuaji. Bili yote mpaka anatoka ilifika karibu milioni 19, zaidi ya dola 7,000, na Shangazi ameirudisha yote kutoka kwenye akiba yake. Kila aliyechanga amerudishiwa, mpaka yule aliyetoa elfu tano. Aliyevujisha skrinishoti naye karudishiwa. Tunamjua.

Mtu mwingine atasema angepandishwa ndege ya wagonjwa akatibiwe kwao bure. Ndege ya wagonjwa kutoka Dar kuvuka bahari mpaka Texas ni makumi ya maelfu ya dola, inaweza kupita laki moja, na Medicare hailipi hiyo safari. Hii ni bidhaa ya kununua mbali kabisa na bima ya matibabu. Huku kwetu wapo AMREF Flying Doctors, wanaruka kutoka Wilson, Nairobi, toka mwaka 1957, wana uanachama wa mwaka unaitwa Maisha, mtu analipia na akipata dharura wanamfuata ndani ya Afrika Mashariki. Ni kitu kizuri kwa mzazi anayekaa kijijini Lushoto au Mafia. Ila muelewe: ndege inakufikisha hospitali, haikulipii hospitali.

Kulikuwa na jambo jingine lililotokea Desemba, kabla ya kuanguka. Barua ilikuja kwa binamu kwamba kuanzia Januari Part B inapanda kutoka dola 174.70 kwenda 185. Shangazi aliposomewa alicheka kwa hasira. Akasema nusu ya mwaka yupo Bongo, kadi haimsaidii hata panadol, kwa nini alipie? Anataka kuiandikia serikali aikate, dola 2,220 kwa mwaka abaki nazo, amalizie ukuta wa nyumba Tanga. Kusema ukweli hoja yake ilikuwa na uzito. Wenzake wawili walishakata.

Tulibishana siku tatu, na mimi kubishana na shangazi si jambo dogo, unaanza na shikamoo na unamaliza na samahani. Nilichomshikilia ni hiki. Part B ukiiacha, huirudii siku unayotaka. Kwa mtu kama yeye ambaye hana bima ya mwajiri, dirisha la kurudi linafunguliwa tarehe 1 Januari mpaka 31 Machi tu, na bima inaanza mwezi unaofuata baada ya kujiandikisha. Ukigundulika na uvimbe Mei, unausubiria mpaka Januari. Na ukirudi, kila miezi 12 kamili uliyokaa nje unaongezewa asilimia 10 ya ada, sio kwa mwaka mmoja, ni mpaka ufe. Ukikaa nje miaka mitano unalipa mara moja na nusu, kila mwezi, maisha. Halafu Medigap haikai bila Part B. Mtu akifikisha 65 na kuingia Part B anapewa miezi sita ya kununua Medigap bila kuulizwa ana sukari au presha. Dirisha hilo likipita, kwenye majimbo mengi, Texas likiwemo, kampuni inaruhusiwa kukuuliza maswali ya afya na kukukatalia. Shangazi ana presha toka 2011.

Akanyamaza. Siku ya nne akasema tuache, ukuta utasubiri.

Mwezi Machi alirudi Houston kwa kiti cha magurudumu na fimbo ya kutembelea, na wiki ya pili akaanza mazoezi ya viungo kliniki, mara tatu kwa wiki, na daktari wa mifupa akamfuatilia. Part B ililipa asilimia 80 yake, Plan G ikamalizia. Angekuwa ameikata Desemba, angetua na fimbo na mkono mtupu. Hilo nalisema bila aibu kwamba nililiona.

Kuna mzee mmoja mnamfahamu sana, aliimba enzi za dansi, siku hizi anaishi huku na kule. Yeye alichukua ile Medicare Advantage, bima ya kampuni binafsi inayochukua nafasi ya Medicare ya kawaida, ile ya matangazo ya meno na miwani ya bure. Baadhi yake zinalipa dharura nje ya nchi, na zipo zinazolipa vizuri. Tatizo ni kwamba hizi ni bima za eneo. Ukikaa nje ya eneo lako zaidi ya miezi sita mfululizo, wengi wanakutoa. Mzee alikaa miezi saba, msimu wa harusi ulikuwa mtamu, akarudi akakuta ameshaondolewa na kurudishwa Medicare ya kawaida bila bima ya dawa. Kwa mtu wa dawa nne kwa siku hiyo sio habari ndogo. Na msisahau dawa: Part D hailipii dawa ulizonunua duka la Kariakoo. Shangazi siku hizi anaomba za siku 90 kabla ya kupanda ndege, anazibeba kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye sanduku.

Na yupo mama mmoja wa Mombasa, mjane wa mwanajeshi wa Marekani. Huyo ana TRICARE For Life, na hiyo inalipa hata nje ya Marekani. Sharti lake? Lazima uwe na Part B. Hata kama unaishi Nyali mwaka mzima na hujawahi kuitumia. Wajane kadhaa wamekata Part B kwa akili ile ile ya kuokoa dola, wakajikata na TRICARE kwa mkupuo. Huyu mama pia ana bahati nyingine, Kenya inaruhusu uraia pacha toka Katiba ya 2010, kwa hiyo akiwa nyumbani ni Mkenya kamili na SHA inamhusu. Sisi wa upande huu tunaangalia tu.

Kwa asiye na jeshi wala uraia wa pili, kinachobaki ni kununua. Bima ya safari inanunuliwa kabla ya kuondoka Marekani, bei inapanda na umri, na lazima usome wanasemaje kuhusu ugonjwa uliokuwa nao tayari. Nyingi zinaangalia miezi michache ya nyuma: ulibadilishiwa dawa ya presha? Basi presha haipo kwenye mkataba. Zile za mwaka mzima za safari nyingi zinaweka ukomo wa siku kwa kila safari, kwa hiyo mtu wa miezi mitano hazimtoshi. Ipo pia bima ya kimataifa ya wanaoishi ugenini, hiyo ndiyo nzito, na ukichagua dunia nzima bila Marekani inashuka bei sana, maana Marekani tayari una Medicare. Lakini ukichelewa, ukivuka 70 au 75 kampuni nyingi hazikupokei mwanachama mpya. Bima binafsi za hapa Bongo nazo nyingi zina umri wa mwisho wa kujiunga. Wazee wetu wanaanza kuulizia bima siku wanapostaafu, wakati ilitakiwa iwe miaka ya nyuma. Zanzibar toka tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wote wananunua bima ya dola 44 wakiingia, ya siku 92. Shangazi alikuwa nayo, alikwenda kwenye harusi Unguja Desemba. Akavunjikia Mbezi.

Mwaka huu amebadilisha mpango. Badala ya miezi mitano ya mfululizo anakuja mara mbili, siku 55 Novemba na Desemba, anarudi Houston kuonana na daktari wake, halafu siku nyingine 55 kuanzia Februari mwishoni. Kila safari inaanza na siku 60 zake mpya. Tiketi mbili badala ya moja, kama dola 1,500 za ziada, na kapata bima ya safari ya kuongezea juu, wamemkubalia isipokuwa ile nyonga. Baba kakasirika, anasema dada yake anaishi kwa kalenda kama mfungwa wa msamaha. Anti naye kajibu kwamba kalenda ni rahisi kuliko grupu la WhatsApp. Bafu la Mbezi tumeweka vyuma vya kushikia na mkeka wa mpira, laki mbili na nusu na fundi.

Kama kuna mwenye mzazi aliyepita miaka 70 akapata bima ya kimataifa bila kukataliwa, aandike hapo chini ni ya aina gani na analipa kiasi gani kwa mwaka. Wenye maneno ya simu ya milioni tatu, ile simu alipewa na mtoto wake siku ya kustaafu, na kioo kimepasuka palepale bafuni.